Nani Aliyeondoa Mathayo 17:21?

Chukua Biblia ya Union Version, ile ya jalada jeusi ambayo bibi humwachia mjukuu, ufungue Mathayo 17:21. Mstari upo, na kila mtu wa maombi ya mfungo anaujua kwa kichwa: namna hii haitoki ila kwa kusali na kufunga. Ila tazama mwanzo wake na mwisho wake. Umewekwa ndani ya mabano ya mraba. Sogea hadi 18:11, mabano tena. Marko 9:44, mabano. Matendo 8:37, pale towashi wa Kushi anapomjibu Filipo kwamba anaamini, mabano. Tafsiri hii ilitoka mwaka 1952. Kwa zaidi ya miaka sabini mabano hayo yamekuwa mbele ya macho yetu, na sijasikia mahubiri hata mamoja yaliyoeleza yanafanya nini pale.

Ndiyo maana ule ujumbe wa WhatsApp unaorudi kila baada ya muda haunishangazi. Unasema kwamba NIV, tafsiri ya Kiingereza ambayo mchapaji wake Marekani ni kampuni iliyo chini ya HarperCollins, imefuta maneno zaidi ya 64,000 pamoja na mistari mizima, kisha unamwalika msomaji ahakikishe mwenyewe kwenye simu: Mathayo 17:21, Mathayo 18:11, Marko 7:16, Yohana 5:4, Matendo 8:37. Msomaji anafungua programu yake ya Biblia na kukuta mstari wa 20 unafuatwa na wa 22. Basi kesi imekwisha. Kufikia jioni ujumbe umeshapita kundi la kwaya, kundi la akina mama na kundi la ukoo, na juu yake kuna onyo la Ufunuo 22:19 kuhusu mtu atakayeondoa neno lolote katika kitabu hiki.

Mistari hiyo kweli haimo. Lakini hakuna aliyeifuta juzi. Agano Jipya la NIV lilipotoka mara ya kwanza, mwaka 1973, mistari hiyo haikuwamo katika matini yenyewe. Ilitajwa chini ya ukurasa, kwenye tanbihi. Waingereza walioisahihisha Biblia yao ya King James walikuwa wameshafanya hivyohivyo mwaka 1881. Kilichobadilika ni kioo cha simu. Katika kitabu cha karatasi tanbihi iko palepale chini, jicho linaiona hata bila kuitafuta. Kwenye simu imejificha nyuma ya alama ndogo ambayo mtu asipoigusa kwa kidole hatajua kama ipo.

Na hizo namba zenyewe ni za nani? Mathayo hakuandika namba. Aliyeligawa Agano Jipya katika mistari yenye namba tunazozitumia ni Robert Estienne, mchapaji wa Paris aliyehamia Geneva, katika toleo lake la Kigiriki la mwaka 1551. Alihesabu maneno yaliyokuwa mezani pake. Laiti angekuwa na hati za kale zilizojulikana baadaye, yaani nakala zilizoandikwa kwa mkono, maneno yale ya kusali na kufunga yasingepewa namba kabisa, mstari tunaouita wa 22 ungeitwa wa 21, na leo hakuna mtu angeona pengo. Tunagombania hesabu ya mchapaji wa karne ya 16.

Estienne naye alikuwa akipita njia iliyofunguliwa na Erasmus wa Rotterdam. Mwaka 1516, mjini Basel, Erasmus na mchapaji Johann Froben walitoa Agano Jipya la Kigiriki la kwanza kuuzwa likiwa limepigwa chapa. Kazi ilifanywa mbiombio. Erasmus alitumia hati chache alizozikuta mjini, nyingi zikiwa za karne ya 12 au karibu na hapo, yaani zilizonakiliwa zaidi ya miaka elfu moja baada ya mitume. Kwa Ufunuo alikuwa na hati moja tu, ya kuazima, na karatasi yake ya mwisho ilikuwa imepotea. Mistari sita ya mwisho haikuwamo. Alichofanya ni kuchukua Biblia ya Kilatini na kuitafsiri kurudi katika Kigiriki.

Msomaji aliyeamka atauliza: mistari sita ya mwisho ya Ufunuo si ndiyo yenye lile onyo la kutoongeza wala kupunguza? Ndiyo hiyo. Na kwa kuwa Kilatini alichokitumia kilikuwa na kosa la mnakili, 22:19 katika chapa ya Erasmus inamtishia mkosaji kuondolewa sehemu yake katika "kitabu" cha uzima, na King James ya 1611 ikalichukua hivyo. Hati za Kigiriki zinasema "mti" wa uzima. Union Version yetu inasema mti. Kwa hiyo anayewatupia watafsiri wa leo mstari huo huku ameshika King James, ameshika mstari ulioingiliwa.

Erasmus hakuwa mlaghai. Alikuwa msomi mwenye haraka aliyetumia alichokuwa nacho, na bila yeye Luther asingepata Kigiriki cha kutafsiria Agano Jipya la Kijerumani mwaka 1522. Tatizo lilikuja baadaye, chapa yake na zile zilizoifuata zilipozoeleka mno hata mwaka 1633 wachapaji wa familia ya Elzevir wa Leiden wakajisifu kwamba hii ndiyo matini iliyopokewa na wote. Tangazo la biashara likageuka fundisho la imani.

Je, maneno ya ziada yaliingiaje? Hapa msomaji wa Kiswahili ana faida ambayo hatuitumii. Sisi tuna tenzi. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir ilipita mikononi mwa wanakili kabla ya kufika kwa wachapaji, na nakala zilizotufikia hazilingani kwa idadi ya beti wala kwa mpangilio wake. Hakuna anayedai kwamba kuna njama dhidi ya Pate, mji ambao utenzi huo unauomboleza. Tunajua mnakili huruka mstari akichoka, huandika anachokumbuka badala ya anachokiona, na pengine huweka pambizoni ubeti alioupenda, naye anayemfuata akauingiza ndani akidhani ulisahauliwa. Origen wa Aleksandria, msomi wa kanisa wa karne ya 3, alilalamika kwamba nakala za Injili zimetofautiana sana, wanakili wengine kwa uzembe na wengine kwa ujasiri wa kusahihisha wasichoagizwa. Wakristo wa kale walijua. Sisi ndio tuliosahau.

Matendo 8:37 ni mfano mzuri. Mtu wa Kushi anauliza kinachozuia asibatizwe, na hati za kale zinaendelea moja kwa moja: akaamuru gari lisimame, wakashuka majini. Hana ukiri wowote. Mkristo aliyezoea liturujia ya ubatizo husikia kama kuna jambo limekosekana: hivi anabatizwaje bila kukiri? Ukiri ukaongezwa, na uliongezwa mapema sana, maana askofu Ireneo wa Lyon aliujua tayari katika karne ya 2. Erasmus aliukuta pambizoni mwa hati yake moja, akaamua kwamba wanakili waliuacha kwa uzembe, akauingiza. Nyongeza inaweza kuwa ya kale, yenye nia njema, na yenye mafundisho sahihi, na bado ikawa nyongeza.

Sasa turudi kwenye kufunga, kwa sababu hapo ndipo suala hili linapogusa maisha ya watu hapa kwetu. Katika Sinaiticus na Vaticanus, hati mbili kubwa za karne ya 4, Mathayo 17:21 haipo, na hilo ndilo mabano yale yanaloashiria. Inaelekea mnakili fulani aliikumbuka habari hiyohiyo katika Marko 9:29 akaileta huku ili Injili mbili zifanane. Lakini hata kule Marko, hati hizo mbili zinasema kuomba tu. "Na kufunga" imeongezwa. Fungua Union Version, Marko 9:29: kuomba, basi, bila kufunga. Jambo hilohilo linaonekana katika 1 Wakorintho 7:5, ambapo wanandoa wanaruhusiwa kutengana kwa muda kwa ajili ya sala. King James ina kufunga na kusali, hati za kale zina kusali peke yake. Na tena Matendo 10:30, kwa Kornelio. Mara tatu kufunga kunajitokeza kando ya sala, palepale ambapo hati za zamani zaidi hazikutaji. Si vigumu kukisia sababu. Waliokuwa wakinakili walikuwa watu wa kufunga, wengi wao watawa, na mkono uliandika kile ambacho mwili ulikuwa umezoea.

Kufunga kwenyewe hakujaguswa. Mathayo 6:16 Yesu anasema "mfungapo", kana kwamba ni jambo la kawaida, na Matendo 13 kanisa la Antiokia linafunga kabla ya kuwatuma Barnaba na Sauli. Mistari hiyo haina mabano. Kilichoondoka ni dai moja tu: kwamba kuna aina ya pepo ambao ufunguo wao ni njaa. Na dai hilo limejengewa mambo mengi katika huduma za ukombozi: siku tatu kavu, siku saba, siku ishirini na moja. Mgonjwa asipopona, anaulizwa alifunga namna gani. Mama mwenye vidonda vya tumbo anaambiwa imani yake ilikatika alipokunywa uji. Mchungaji anayemwambia hivyo huenda hajui kwamba Biblia iliyo mkononi mwake imemwekea alama pale aende polepole.

Kuna mahali pengine ambapo tofauti za hati huonekana waziwazi, nasi hatuzitambui: msibani. Watu wa madhehebu yote wamesimama kaburini, anaanzisha mtu Baba Yetu, na wote wanakwenda pamoja. Wakatoliki wanafika "utuopoe maovuni", wanasema Amina. Walutheri, Waanglikana na Wapentekoste wanaendelea peke yao: kwa kuwa ufalme ni wako, na nguvu, na utukufu. Kwa sekunde chache nusu ya waombolezaji wamenyamaza. Wengi huchukulia kwamba Wakatoliki wamekata au Waprotestanti wameongeza kwa sababu ya Luther. Ukweli ni wa zamani kuliko ugomvi wao. Hati za kale zaidi za Mathayo 6:13 zinaishia kwenye mwovu. Maneno ya ufalme na utukufu yalitoka kwenye ibada. Didake, mwongozo wa kanisa wa karne za mwanzo kabisa, tayari ina sala hiyo na mwisho unaokaribiana nao. Kanisa lililosali hivyo kila siku lilikuja kuandika inavyosaliwa. Na katika Misa yenyewe Wakatoliki huyatamka maneno hayo, mbele kidogo, baada ya padre kusema sala yake. Union Version? Mabano.

Wenye kuogopa husema: hizi tafsiri mpya zinamshusha Yesu. Hofu hiyo inastahili jibu la hati, si la hasira. Yohana 1:18 katika King James inamtaja Mwana pekee. Mafunjo mawili ya zamani sana yaliyopatikana Misri, yanayoitwa P66 na P75, pamoja na Sinaiticus na Vaticanus, hayasemi Mwana, yanasema Mungu. Union Version yetu ikaandika "Mungu Mwana pekee". Katika waraka wa Yuda, mstari wa 5, toleo la 28 la Nestle-Aland la mwaka 2012, ambalo ndilo Kigiriki kilicho mezani pa watafsiri wengi leo, linasema aliyewaokoa watu kutoka Misri ni Yesu, pale ambapo matoleo ya awali yalikuwa na Bwana. Kama kuna njama ya kumshusha, wenye njama hawa wameifanya vibaya mno.

Mahali pekee ambapo upotevu unauma kweli ni 1 Yohana 5, maneno ya mashahidi watatu mbinguni, Baba, Neno na Roho Mtakatifu. Erasmus hakuyaweka katika matoleo yake mawili ya kwanza kwa sababu hakuyaona katika hati yoyote ya Kigiriki. Akashambuliwa. Ikatokea hati moja yenye maneno hayo, ambayo leo iko Dublin na ambayo wataalamu wengi wanaiona kuwa ya wakati wake mwenyewe, naye akayaingiza katika toleo la 1522 huku akinung'unika. Wakristo wa Dar es Salaam na Mombasa walioshiriki mihadhara ya viwanjani ya miaka ya 1980 na 1990 wanajua kilichofuata. Mhadhiri wa Kiislamu, mara nyingi akiwa amesoma vijitabu vya Ahmed Deedat, mhubiri wa Kiislamu wa Afrika Kusini, anamwomba Mkristo asome mstari huo, kisha anatoa tafsiri nyingine isiyo nao. Umati unashangilia. Mkristo anabaki akigeuza kurasa. Alishindwa kwa jambo ambalo maprofesa wake wa teolojia walilijua na hawakumwambia, ilhali fundisho la Utatu lilijadiliwa na kukubaliwa na mabaraza ya karne ya 4 bila kuutegemea mstari huo.

Kwa nini hawakumwambia? Sehemu ya jibu iko London. Chama cha Biblia cha Uingereza na Nchi za Ng'ambo, kilichoanzishwa mwaka 1804 na ambacho kwa mkono wake sehemu kubwa ya Biblia za Kiswahili zilichapwa, kilikuwa na kanuni ya kutoa Maandiko bila tanbihi wala maelezo. Ilikuwa kanuni ya busara: Waanglikana, Wabaptisti na Wapresbiteri wangegombana juu ya kila maelezo, na kazi ingekwama. Bila kanuni hiyo pengine tusingekuwa na Union Version, kwa maana umoja unaotajwa katika jina lake ulihitaji watu wanyamaze juu ya mengi. Lakini athari yake ni kwamba tulipewa mabano bila ufunguo wake. Vyama vya Biblia vya Tanzania na Kenya siku hizi hutoa tanbihi, na Habari Njema ya 1995 inazo. Ni fupi mno, hata hivyo. "Baadhi ya hati hazina mstari huu" inamwambia msomaji kwamba kuna tatizo, haimwambii ni hati zipi, za lini, wala yeye afanyeje kesho asubuhi kwenye somo la Biblia.

Upande wa pili una hoja, nami sitaki kuudharau. Hati za Kigiriki za Agano Jipya ni zaidi ya 5,000, na zilizo nyingi, zile za karne za kati za dola ya Kirumi ya Mashariki, zinakubaliana na sehemu kubwa ya matini ya Erasmus. Kwa nini wengi washindwe na wachache? Jibu la wahakiki, wasomi wanaolinganisha hati, ni kwamba nakala elfu moja zilizotoka katika mzazi mmoja ni shahidi mmoja. Mimi nalikubali jibu hilo. Ila Waorthodoksi wa Kenya na Uganda, walio chini ya Patriarki wa Aleksandria, hawaulizi swali lilelile. Kwao matini ya kweli ni ile ambayo kanisa limeisoma ibadani, na kanisa lao la Konstantinopoli liliichapa kwa idhini yake mwaka 1904. Huo ni msimamo wa kueleweka, na ni wa uaminifu kuliko kudai kwamba HarperCollins imeiba mistari.

Nisichokubaliana nacho ni kuyaacha mambo haya kwa wanachuo. Marko 16 katika Sinaiticus na Vaticanus inaishia mstari wa 8, wanawake wanakimbia kaburini kwa hofu. Eusebio na Jeromu, wasomi wa kanisa la kale, walishaandika kwamba nakala nyingi za Kigiriki walizozijua ziliishia hapo. Mistari inayofuata ina ahadi ya kushika nyoka. George Went Hensley wa Tennessee aliichukua neno kwa neno mwanzoni mwa karne ya 20, akaanzisha ibada za kushika nyoka ambazo zipo hadi leo katika milima ya Appalachia, naye mwenyewe akafa kwa kuumwa na nyoka mwaka 1955. Tanbihi isingemwokoa, labda. Lakini mtu asiyeambiwa hana hata nafasi ya kukataa kuambiwa.

Toleo lijalo la Biblia ya Kiswahili lingeweza kuwa na kurasa nne tu mwishoni, kwa lugha ya kawaida: hati ni nini, Sinaiticus ilitoka wapi, kwa nini namba zinaruka, orodha ya sehemu kumi na tano zenye ubishi mkubwa na sababu zake. Kurasa nne haziongezi bei ya kitabu kiasi cha kumzuia mnunuzi. Programu za simu hazina hata kisingizio cha karatasi. Zingeonyesha tanbihi ya mstari uliokosekana wazi, mahali pa mstari wenyewe, kwa herufi ndogo.

Na mwanamke aliyefumaniwa, Yohana 8? Hayumo katika hati za kale zaidi. Habari yake inaanzia 7:53, na katika baadhi ya nakala imehamishiwa Luka. Wapo watafsiri wanaotaka ishuke kwenye tanbihi. Mimi ningeiacha ilipo, ndani ya mabano, na maelezo marefu chini yake, maana kanisa limeisoma kwa muda mrefu na inafanana sana na Yesu tunayemjua kwingine. Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, alikuwa na maelezo yake kuhusu kukosekana kwake katika baadhi ya nakala: aliwashuku waume wenye imani haba, walioogopa kwamba wake zao wakiisoma watadhani wamepewa ruhusa ya kuzini bila adhabu. Wahakiki wa leo hawakubaliani naye. Hata hivyo, kati ya nadharia zote za mistari iliyoondolewa, hiyo ndiyo ningependa kuisikia ikihubiriwa Jumapili moja, wanaume wakiwa wameketi mstari wa mbele.